Kwa Mama Donatille Mukagasana, Muuza Mashanza wa Katoyi

Mwaka mzima umekatika, Mama, tangu asubuhi ile ya mwezi wa tatu ulipotuacha, na bado watu wanasimama mbele ya mlango wetu na vikombe vyao kuuliza kama mashanza, yale maziwa yako ya mgando, yapo. Yapo. Igiraneza, kitinda mimba wako, ndiye anayegandisha maziwa siku hizi. Wanakunywa, wanafuta midomo, wanasifu. Kisha wanaongeza, "Lakini haiko kama ya mama," na Igiraneza ananuna mpaka jioni. Tunamwambia asijali, hata wewe ulipoanza kuna waliokurudishia kikombe kikiwa kimejaa.

Ninaandika mimi, Umutesi, mtoto wako mkubwa, kwa niaba ya nyumba nzima. Wamenichagua kwa sababu wanasema nina mdomo. Mdomo huu nimeurithi, na wote wanajua kwa nani.

Ulizaliwa Kiwanja, ukaletwa Goma ukiwa bibi arusi wa baba yetu Harelimana, ukapanga nyumba yako Mapendo. Volkeno ya mwaka 2002 ilipopita juu ya nyumba hiyo, tulibaki na nguo za mwilini na sufuria moja. Ulisema sufuria inatosha kuanzia. Tukahamia Katoyi, juu ya mawe meusi ambayo hakuna mtu angeweza kulima, na ndani ya sufuria hiyo ukaanza kugandisha maziwa yanayoteremshwa kutoka Masisi. Baba alipofariki miaka michache baadaye, tulikula kwa mashanza, tulivaa kwa mashanza, tulisoma kwa mashanza. Asante, Mama. Ulipokuwa hai tulikuwa tunalalamika kwamba nguo zetu za shule zinanuka maziwa.

Ulikuwa na sheria zako. Dumu la maziwa lilipofika ulilinusa kwanza, hukumjibu salamu mwenye pikipiki mpaka umemaliza kunusa. Mteja aliyeomba sukari ulimwangalia kama mtu aliyeingia kanisani na mbwa. Ulimpa sukari, ndiyo, lakini ulimpa huku umegeuza uso. Na aliyekuja bila chochote mkononi, ulimwambia alete kikombe tu. Wengi wa barabara yetu walikua kwa kikombe hicho.

Ng'ambo ya njia walikaa Sikuli, seremala kutoka Butembo, na mke wake Kahambu. Kahambu alifika hapa akiwa bado msichana, hajui hata mahali pa kuchota maji. Ulimfundisha soko, ulimfundisha kulibembeleza jiko la makala mkaa unapokataa kuwaka, ulimgombeza kama ulivyotugombeza sisi. Alikuita Mama tangu wiki ya kwanza. Sisi wengine tuliona wivu kidogo, maana yeye alipokosea ulicheka, na sisi tulipokosea ulitafuta kandambili.

Mwaka 2021 mlima ukatoka tena. Ardhi ikatikisika siku nyingi, wakubwa wakatangaza watu wahame mji, na sote tukashika njia ya Sake. Watu walibeba magodoro na televisheni. Wewe ulibeba dumu la mashanza. Nshimiyimana, mwanao, alikusihi uliache. Ulimjibu, "Uache wewe huo mukoba wako wa viatu." Kahambu alikuwa na mimba kubwa, alitembea ameshika bega lako njia yote, na tulipofika Sake, katika darasa lililojaa wakimbizi, akajifungua mtoto wa kike mikononi mwako.

Hapo ndipo ulipofanya kosa ambalo tunalicheka hadi leo. Kwetu mtoto anapewa jina na watoto wenzake. Wanaitwa, wanalishwa, kisha kila mmoja anataja jina analolipenda, na wakubwa wanachagua. Basi siku ilipofika ukawaita watoto wote wa darasa lile, ukapika maharage ya kuomba, ukawagawia mashanza yako kwa kifuniko cha dumu kwa sababu vikombe havikuwepo. Wakashiba. Wakaanza kutaja majina. Mmoja akasema aitwe Sake. Mwingine akasema aitwe Musaada. Kasichana kamoja kalikonyamaza muda wote kakasema aitwe Munezero, yaani furaha, na wewe ukapiga makofi.

Sikuli alikuwa ametoka kuchota maji. Akasimama mlangoni na ndoo yake.

"Mama, munafanya nini?"

"Tunapatia mutoto jina."

"Lakini mutoto iko na jina. Anaitwa Kanyere."

"Nani amemupatia?"

"Hakuna. Ni zamu yake. Kwetu haiko mutoto anangoja jina, ni jina linangoja mutoto."

Hukujua. Miaka yote ya kukaa ng'ambo ya njia na hukujua kwamba kwa Wanande kama wao jina linafuata mpangilio wa kuzaliwa. Darasa zima lilikugeukia kuona utajitoa vipi. Ukaangalia vile vitumbo vilivyojaa maharage, ukasema, "Papa Sikuli, watoto wamekwisha kula. Niwaambie watapike?"

Sikuli alicheka mpaka maji yakamwagika. Mtoto akaitwa Kanyere Munezero. Ukoo wao haukufurahi sana. Modeste, mdogo wake Sikuli, anayekaa Mapendo, alisema jina la pili ni la wageni, na yeye hataliita. Ulisema basi aite la kwanza, mtoto atageuka tu.

Kisha ukaja ule mwezi wa kwanza wa mwaka jana. Waasi, wengi wao wasema Kinyarwanda kama sisi, waliingia mjini, na barabara yetu ikawapoteza watu wake. Bomu lilimkuta Sikuli uani kwake akirekebisha mlango wa jirani. Mama Victoire wa kona, aliyetuuzia makala, alifariki wiki ile ile kwa kukosa dawa. Tunawakumbuka leo pamoja nawe, kwa sababu ungetugombeza kama tungekutaja peke yako. Sikuli hakuwahi kukuomba sukari. Victoire aliomba kila siku na ulimpenda vilevile.

Msiba wa Sikuli ulikuwa mgumu kwako. Ulivaa kitenge chako cheusi, ukavuka njia, ukaketi kwenye mkeka na wanawake wengine. Ulilia kwa Kinyarwanda, maana kilio hakina lugha ya pili. Hapo Modeste akasimama mbele ya watu wote.

"Ni watu wenu walimuua mukubwa wangu. Sasa munakuja kulia na sisi?"

Sisi watoto wako tuliokuwa uani tuliinuka. Wewe ulituzuia kwa kiganja, ukakunja ncha ya kitenge chako taratibu.

"Mwanangu, nilikuja kwa Sikuli. Nimemulilia. Naenda."

Ulivuka njia kurudi nyumbani, na ulichosema ni kimoja tu. Hukumtaja Modeste hata kidogo. Ulisema Kahambu hakuinua kichwa.

Baada ya mazishi Modeste aliwachukua Kahambu na watoto, akawapeleka kwake Mapendo wamalizie kilio huko. Ukoo uliweka sharti lao: mjane hatoki, na haingii msiba wa mtu mwingine, mpaka kilio cha mumewe kiondolewe. Nyumba ya ng'ambo ikafungwa kwa kipande cha waya. Na wewe, ambaye tulidhani hakuna kitu kitakachokuangusha baada ya volkeno mbili na vita tusivyovihesabu, ukaanguka kwa shinikizo la damu. Hospitali zilikuwa zimejaa majeruhi. Daktari mmoja alikupima amesimama, akakupa vidonge, akasema upumzike. Ukapumzika kitandani kwako, karibu na dirisha linalotazama njia.

Kila mchana uliuliza, "Kahambu amepita?"

Nshimiyimana alitaka kwenda kumwita. Ulikataa.

"Mufiwa hawamutumie mutu kumwita. Ni miye nilipaswa kwenda kwake. Miguu ndiyo imekataa."

Hicho ndicho kilichokuuma, Mama, na sisi tulikiona. Haikuwa damu peke yake. Ulitaka kujua kama yule binti uliyemshika mkono barabara yote ya Sake anaamini kwamba wewe ni miongoni mwa waliomuua mume wake. Hatukuweza kukujibu, kwa sababu hatukujua. Tulikudanganya mara moja kwamba amekusalimia. Ulitabasamu kwa adabu, kama ulivyowatabasamia wauza maziwa walioongeza maji.

Ulifariki ukiwa umegeukia dirisha.

Tunataka sasa kukusimulia yaliyofuata, kwa kuwa hukuyaona na ni haki yako kuyajua. Tuliogopa hakuna atakayekuja. Ndivyo hali ilivyokuwa mjini. Watu waliogopa kukusanyika, na wengine, tuseme ukweli, walikuwa wametuangalia kwa jicho jingine tangu siku ya Modeste. Tulitandika mikeka, tukapanga viti. Muzee Cirimwami, fundi viatu, alikuja wa kwanza na kiti chake mwenyewe. Akaja Benny, kijana anayechaji simu za watu kona ile. Wakaja akina mama wachache, wakaketi karibu na mlango kama watu wanaotaka kuondoka.

Saa ya kukutoa ikafika. Gari tulilolikodi lilikataa kuingia kwenye mawe yetu, likangoja barabara kubwa. Ilibidi ubebwe mabegani, na wabebaji walikuwa Nshimiyimana, Benny na muzee Cirimwami mwenye goti lake bovu. Watatu. Vijana wengi wa mtaa walikuwa wamejificha au wameondoka. Nilisema nitabeba mimi, wazee wakasema haifanyiki. Tukasimama pale uani, jeneza liko chini, tunaangalia njia.

Kahambu akatokea. Alikuwa ametembea kutoka Mapendo mchana kweupe, na nguo zake za ujane, watu wote wakimwona akivunja sharti. Hakusalimu mtu. Alipita katikati yetu, akapiga magoti kwenye jeneza, akalishika kwa mikono miwili, na akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya Sikuli. Mwanamke mmoja wa ukoo wetu alimwambia asogee, hapo ni mahali pa watoto. Kahambu alimtazama.

"Na miye niko nani?"

Yule mama akasogea yeye.

Kisha akaniambia mimi, sauti imekauka: "Nilikuwa na haya. Neno lilisemwa na shemeji, lakini lilisemwa mu nyumba yangu, na miye nikanyamaza. Nilikuwa najiambia, kilio kikiisha nitaenda anitukane kwanza, ndiyo nimuombe musamaha. Sikujua anagonjwa."

Hakujua, Mama. Wewe dirishani unangoja akusamehe, yeye Mapendo anangoja umtukane.

Bado anasema hayo, Modeste akaingia uani. Alikuwa anahema. Alikuwa amemfuata njia nzima ili amrudishe, na kila mtu alielewa hivyo. Wale akina mama wa mlangoni wakasimama. Nshimiyimana akakunja ngumi. Kahambu hakuinuka kutoka magotini.

"Modeste," alisema, "kama ulikuja kunikamata, rudia peke yako. Kama ulikuja kubeba, wanakosa mutu moja."

Sijui alifikiria nini. Aliangalia jeneza, aliangalia goti la muzee Cirimwami, akavua kofia yake akampa Kahambu. Akaingia pembe ya kulia, upande wa kichwa chako, na wakainua. Njia yetu unaijua ilivyo, mawe ya volkeno kila hatua, lakini hawakukuyumbisha. Milango ikaanza kufunguka. Watu walikuwa wanachungulia. Walipomwona Modeste chini ya jeneza lako, wakatoka, mmoja baada ya mwingine, na wengine walikuwa na vikombe bado mkononi. Tulipofika barabara kubwa sikuweza tena kuuona mwisho wa watu. Benny alikuwa amepata vijana wa kupokezana. Mmoja akamgusa Modeste bega ili ampokee.

Modeste alitikisa kichwa. "Wacha. Sijafika."

Alipanda garini pamoja nawe, na makaburini alikuwa wa kwanza kushika sepeto. Hajawahi kutuomba radhi kwa maneno. Mimi bado ninamsalimu kwa mbali, Mama, usiniharakishe. Lakini analiita lile jina la pili siku hizi, nimemsikia, na mtoto anageuka.

Kwa hiyo mwaka huu tunaumaliza kwa shukrani. Asante kwa Mungu aliyetupa wewe. Asante kwa majirani wa Katoyi waliofungua milango. Asante kwa Kahambu, ambaye alirudi kwenye nyumba yake kilio kilipoondolewa, na ambaye ndiye aliyekaa nasi jana kupanga misa ya leo. Nilimsomea karatasi hii yote ili aseme kama nimekosea mahali. Alisikiliza hadi mwisho huku anafuta macho, akasema, "Umeandika mingi sana, Umutesi. Yeye aliuliza kitu kimoja tu. Mujibu."

Wanaokukumbuka ni watoto wako Umutesi, Nshimiyimana, Igiraneza na Kahambu. Wajukuu zako wote, pamoja na Kanyere Munezero. Muzee Cirimwami, Benny na Modeste waliokubeba. Ukoo wa Harelimana wa Kiwanja na ukoo wa Sikuli wa Butembo.

Hutatutoka moyoni, Mama, muda wote tutakaoishi.

Kahambu alikuja.