Wimbo wa Bwana Funguo

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, mgongo tu unalalamika. Koo lako limepona?

Wimbo wako umefika! Nimeusikiliza kwenye simu niliyoificha chini ya cherehani, nikacheka hadi sindano ikanichoma kidole. “Bwana Funguo, mpenzi wangu, kibofu changu kinakusalimu.” Mshenzi wewe! Na hako kasauti kapole, kama unabembeleza mtoto. Nilipokusimulia kwamba msimamizi wetu huvaa ufunguo wa choo shingoni na kutufungulia akijisikia, nilikuwa nalia. Wewe ukaufanya wimbo wa mapenzi.

Sasa sote tunaoshona kola tunauimba. Hata mjamzito wa nyuma yangu, aliyejikojolea kazini akashona hivyo hivyo hadi jioni, jana aliimba. Tumekubaliana: Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunasimama sote, tunataka ufunguo utundikwe ukutani. Hatujawahi kuthubutu.

Dada yako

15 Februari

Dada,

Shikamoo. Koo limepona, njaa ndiyo haijapona. Mgongo vipi?

Huwezi kuamini. Mkurugenzi wenu kanipigia simu! Wimbo umemfikia, kacheka hadi kakohoa. Anataka niuimbe kwenye sherehe ya kiwanda, Alhamisi, siku moja kabla ya Ijumaa yenu. Nyimbo zangu hizi za chumbani, zinazosikilizwa na jirani kwa sababu ukuta ni mwembamba! Nimekubali hapohapo. Nitawaimbia usoni, nyinyi mkisimama kesho yake watakuwa wameshalainika.

Mdogo wako

3 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo. Mimi nipo.

Uliimba vizuri, sikufichi. Lakini ulimwona msimamizi? Aliitikia kwa sauti kubwa kuliko sisi, akiuzungusha ufunguo hewani, mkurugenzi akipiga makofi. Tukacheka naye. Hapo ndipo tulipokwisha.

Ijumaa nilisimama. Nikageuka nyuma, nikaona wamesimama wanne, kisha wawili, kisha mjamzito peke yake. Msimamizi akasema kwa upole, “Dada, utani si tulimaliza jana?” Chumba kizima kikacheka. Hata mimi nilitabasamu, Mungu anisamehe. Nikakaa.

Siku hizi wimbo wako unapigwa kwenye spika kila asubuhi. Wameuongeza kasi, tunashona kwa mdundo wake. Anayeomba choo anaambiwa aimbe kwanza. Mjamzito alikataa kuimba. Amefukuzwa.

Dada yako

8 Machi

Dada,

Shikamoo. Usiku silali. Nimempigia mkurugenzi nikamwambia auzime, kaniambia nina vichekesho sana.

Nimetunga mwingine, huu hapa. Huu ni mkali, huu hawataucheka. Usikilize, uniambie ukweli.

Mdogo wako

22 Machi

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Afya ipo.

Wimbo mpya umefika. Sijausikiliza. Sijakukasirikia, usijitese. Naogopa utakuwa mzuri. Ukiwa mzuri nitacheka, nitampa jirani yangu asikie, naye mwenzake, mpaka uwafikie wakubwa, nao wataupenda. Tafadhali usitume tena. Nilizipenda sana nyimbo zako, hakuna kingine kilichokuwa kikinichekesha.

Leo nilibanwa tangu asubuhi. Nilivumilia, nikashindwa, nikaenda kusimama mbele yake nikaimba ubeti wote. Akasema nina sauti nzuri, kumbe kipaji ni cha ukoo. Akanifungulia.

Nikamwambia asante.

Dada yako