Pamba Imetoka Chumbani

Baba Nyamizi,

Najua utapita kuaga. Chai ya tangawizi iko kwenye chupa, asali weka mwenyewe. Majani ya mkaratusi yako sufuriani: chemsha, jifunike shuka, ujifukize. Usiusogelee sana mvuke. Kifua kikibana, nenda zahanati.

Asubuhi ulipiga chafya mpaka Nyamizi akacheka, nawe ukasema, "Bora nirudi machimboni Kharumwa, vumbi la kule tunaelewana nalo." Nikainamia vyombo. Kila msimu wa pamba ni hivi: mama yako anaijaza chumbani kwetu kwa kuogopa wezi, wewe unakwenda kulala kwa jirani yetu Luka, mimi nabaki na pamba.

Ulipotoka kwenda kwa Luka kufunga begi, nilimwomba mama tuihamishie stoo. Akanitazama. "Kumbe una mdomo, mkamwana!" Kisha akashika kiroba cha kwanza.

Nimefuta kuta kwa kitambaa kibichi na kupiga deki. Shuka ni safi. Mlango ufunge, kuku wasiingie.

~~Ukipata gari, safari njema.~~

Usiende leo. Nikitoka shuleni kufundisha nakuja moja kwa moja. Nimekukumbuka, na ulikuwa hapa hapa ukinywa chai.

Mkeo,
Mama Nyamizi