Mama, Shamba la Sepuka Siwaachii

Mama yangu,

Mwaka umepita tangu tukuzike, na leo nakuandikia kukuambia jambo ambalo ungekuwa hai ungenikataza.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipiga alizeti uani? Wewe na fimbo, mimi na daftari, nakusomea hotuba zangu za mdahalo wa shule. Vumbi likinipanda puani unacheka: "Wakili gani huyu wa kupiga chafya mahakamani!" Wakili huyo sasa anasimama mbele ya majaji wa nchi nyingi, anatetea wajane wa mataifa ambayo hukuwahi hata kuyasikia. Watu huniita jasiri. Nikisikia hivyo naona aibu, maana najua nilivyofanya nyumbani.

Baba alipofariki, Baba Mkubwa alijikatia nusu ya shamba letu, upande wa barabarani. Nilikuwa nimeshahitimu sheria, mama! Ukanishika mkono: "Waachie, mwanangu. Tukigombana nao, nani atatuzika?" Nikanyamaza. Hasira ile bado ninayo.

Sasa wamerudi kuchukua nusu iliyobaki, ile anayolima mdogo wangu Neema tangu alipoachika na watoto watatu. Wamepanda mpaka wa minyaa katikati ya alizeti zake. Niliposhuka tu kutoka safarini nilikwenda kwa Baba Mkubwa, nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo kama ulivyonifunza. Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mtoto wa kike hana shamba hapa. Hizo haki zako za kimataifa ziache hukohuko Ulaya."

"Baba, haki ya Neema ni ya hapahapa Sepuka," nikamjibu. "Tutaonana baraza la ardhi."

"Nenda. Lakini ukifa, usitegemee ukoo utakuzika."

Shikamoo yangu ataipata kila siku. Shamba hapati. Jumatatu nitasimama na Neema barazani. Kesi ya ng'ambo nimemwachia mwenzangu, na wakubwa wangu wa kazi wakinuna, wanune. Nimechoka kuwa simba ugenini na panya kwetu.

Nisamehe, mama, kwa kulivunja neno lako. Hofu yako naielewa, ila siirithi. Na ukoo usipokuja kunizika, wanawake wa Sepuka wana majembe, na kuchimba wanajua kuliko wote.

Ni mimi, binti yako mkubwa.