Plesha ya Kianjokoma

Dada Kawira, habari za Makutano?

Huku Kianjokoma kwa kina Wawira nimejitambulisha vizuri. Mama mkwe aliponishukuru kwa sukari, mimi mtu wa dunia nikamjibu kwa Kizungu, “Mai plesha!” Yaani, furaha ni yangu.

“Presha?” akashtuka. “Na bado kijana hivi! Wawira, ondoa hiyo mbuzi!”

Nyama choma ikaenda ikinukia. Nikaletewa githeri, mahindi na maharagwe, bila chumvi, na maombi marefu. Wawira alicheka mpaka machozi.

Nikafungua mdomo nijitetee, baba mkwe akasema, “Mwenye presha hashtuliwi. Mbuzi za mahari tutapunguza.”

Nikaufunga.

Mkija na wazee kwa mahari, mniulize hali kwa huruma. Na unifichie chumvi mfukoni, dada yangu wa roho.

Mgonjwa wako,
Mutwiri