Jembe la Posa Alilolimia Shangazi

Gaborone, Botswana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Magoti yanaendeleaje tangu mvua zianze? Na mahindi yameota, au kunguru wamekutangulia? Mimi mwili ni mzima, zamu za hospitali ni zile zile, mgonjwa ananiita kwa Kitswana nami natabasamu mpaka nilikumbuke neno. Lakini moyo umejaa nyongo, na leo naitapika yote kwako.

Barua yako imefika pamoja na cheti cha ubatizo. Ila padri wa hapa anataka pia barua ya parokiani kwetu, kwamba nimetangazwa Jumapili tatu na hakuna aliyetoa pingamizi. Nilipomweleza kwamba Jumapili ya pili shangazi, dada wa marehemu baba, alisimama kanisani huko kwetu akasema mimi tayari ni mchumba wa mtu, padri alizikunja karatasi zangu akanirudishia. Mchumba wangu Kagiso alikuwa ameketi pembeni yangu. Tulipotoka nje aliniuliza mara moja tu, "Leokadia, huko kwenu una mume?" Mama, sijawahi kuona aibu kama ile.

Na muda hatuna. Kagiso anahamishiwa shule ya kaskazini baada ya Pasaka. Bila cheti cha ndoa hospitali hainipi uhamisho wa kumfuata, na Kwaresima ikishaingia padri hafungishi ndoa. Shangazi aliyajua haya yote, maana niliyaandika mwenyewe katika barua ya kumwomba baraka. Nilimshikisha mpini, nikabaki na makali.

Wanasema siku hizi huko nyumbani kila kitu ni ruksa, mtaa wetu wa Majengo umejaa mitumba na redio za kaseti. Kumbe ruksa yangu ya kuolewa iko mfukoni mwa shangazi. Na kwa ajili ya nani? Otmari, yule mgane wa Bombambili mwenye mashine ya kusaga, ambaye nimeongea naye mara mbili maishani, zote nikiwa kwenye foleni na debe langu la mahindi. Shangazi alilipokea jembe lake la posa mimi nikiwa tayari huku, wala hakuniuliza.

Sasa nisikilize vizuri. Katika barua yako umegusia, kama jambo dogo, kwamba jembe lile shangazi amelilimia shamba lake la Ruhuwiko misimu miwili mpaka limelika. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu jikoni. Wewe ndiye uliyenifundisha: jembe la posa huegemezwa nyuma ya mlango mpaka binti aamue. Akikataa, linarudishwa halijagusa udongo. Akikubali, analima nalo. Choyo kimemponza, hakuweza kuvumilia jembe jipya likae bure.

Kwa hiyo usiende kumbembeleza tena. Jumapili mdogo wangu Skola akalichukue jembe hilo, mlipeleke kanisani. Misa ikiisha, watu wakiwa bado uwanjani, mbele ya padri na wazee wa kanisa, muulize shangazi swali moja tu: "Nani amelima na jembe hili?" Aliniaibisha mbele ya watu, na ajibu mbele ya watu. Akishajibu, mwambie padri kwamba posa ya Otmari imekubaliwa kweli, na aliyeikubali ni huyo hapo. Yeye mjane, Otmari mgane, watangazwe hata Jumapili sita. Mimi nipewe barua yangu.

Najua utasema nimsamehe, kwamba alinibeba mgongoni ulipokuwa umelazwa. Alinibeba, ndiyo. Tatizo lake anadhani hajanishusha. Nitamsamehe nikiwa na cheti mkononi, tena si siku hiyo hiyo.

Nisalimie Skola, asiogope kulishika hilo jembe. Nisalimie mjomba fundi cherehani, vipimo vya gauni nitamtumia. Msalimie na bibi mzaa baba, umsomee barua hii polepole, sehemu ya jembe umrudie mara mbili.

Shangazi usimsalimie. Mwambie tu kwamba kitenge chake cha harusi nilikuwa nimeshakinunua, cha kijani, rangi anayoipenda. Nimekichana matambara, nadekia sakafu.

Ni mimi mwanao, ambaye jembe la Otmari sijaligusa hata kwa kidole,

Leokadia