Kinywa cha Mkalimani

Sabato, 29 Julai 1972
Nimetafsiri tena leo. Mchungaji mgeni anasema kwa Kiswahili, mimi nageuza kwa Kikisii, tumesimama bega kwa bega. Huyu alikuwa anasogea. Kila nikifungua kinywa, yeye anapiga hatua kando. Mahubiri yaliisha akiwa karibu na mlango. Labda ndivyo wanavyohubiri kwao. Makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa, ni baada ya wiki mbili na mkalimani ni mimi. Nimefurahi mno.

Jumapili, 30 Julai
Nyanya aliniita jikoni kwake. Akasema mdomo wangu unanuka kama ngozi iliyosahauliwa mvuani. Akacheka mpaka akakohoa. Hapa nyumbani hakuna mwingine wa kuniambia. Chinsoni, ile heshima yetu ya wazazi na watoto, hairuhusu mama kumtajia mwana mzima mambo ya mwili wake. Nyanya na mjukuu hutaniana, kwa hiyo yeye ana ruhusa.

Nilikasirika, nikauacha uji wake. Jioni nikapumulia kiganja. Nyani haoni kundule. Namshukuru, ingawa bado nimeudhika.

Jumatano, 2 Agosti
Kisii mjini, duka la dawa. Nimepewa chupa ya dawa ya kusukutua na kichupa cha kupuliza. Inachoma ulimi, machozi yananitoka, halafu ubaridi mtamu. Najipulizia kila mara. Asante Mungu.

Sabato, 5 Agosti
Balaa. Nilisukutua nje ya kanisa, nikaingia. Mzee wa kanisa, Mzee Nyabuto, akanishika mkono asiuachie. Akanusa. Akauliza nimekunywa nini asubuhi hii.

Ndipo niliposoma maandishi madogo ya chupa: imo pombe. Mimi ambaye sijaonja hata busaa! Wazee wanakaa Jumatatu. Wakiona mimi ni mlevi, hakuna makambi, na jina langu linafutwa kanisani. Naogopa.

Jumatatu, 7 Agosti
Nilipeleka chupa iwe ushahidi wangu. Ikaniharibia. Wazee wakapokezana kulisoma lile neno pombe. Walikuwa karibu kunihukumu Nyanya alipoingia na bakora yake, bila kualikwa. Akauliza ni nani kati yao hajawahi kuninusa.

"Mwaka mzima mligeuza nyuso tu," akasema. "Mimi nilimwambia, yeye akatafuta dawa. Kosa liko wapi?"

Mzee Nyabuto akatazama viatu vyake. Wameniachilia. Sharti: chupa itupwe, na nimwone daktari wa meno. Nililia nyuma ya kanisa, kwa aibu na kwa shukrani. Zaidi shukrani.

Jumatano, 9 Agosti
Hospitali. Gego la chini limeoza mpaka kwenye mzizi. Dawa zangu zilikuwa zinafunika tu. Limeng'olewa. Sasa ni maji ya chumvi ya vuguvugu, na kusugua ulimi. Nyanya amenipikia uji mwepesi wa wimbi. Akanitania mpaka shavu likauma kwa kucheka. Sijui ningekuwa wapi bila yeye.

Sabato, 12 Agosti
Makambi. Shavu bado zito, lakini maneno yametoka vizuri. Mhubiri hakusogea hata kidogo. Nimeshukuru kimoyomoyo kila sentensi.

Baada ya ibada Mzee Nyabuto alinivuta kwenye migomba. Akatazama huku na huku. Akafungua kinywa, akaniomba ninuse na nimwambie ukweli, maana nyanya yake alizikwa zamani.

Nilinusa. Nikamwambia.