Maji ya Jumamosi

Yaya Bukuru,

Nakuita yaya, kaka mkubwa, kama zamani, ingawa tulizaliwa mwaka mmoja na mimi sasa nimeota mvi. Cheo hicho ulijipa mwenyewe, siku ya kwanza tuliyopika pamoja pale chuoni: "Mwenye kushika mwiko njo mukubwa. Mwenye kushika sufuria njo mudogo." Nikakubali bila neno. Nilikuwa na njaa, na mwenye njaa habishani na mwiko.

Naiandika barua hii wazi, kila mtu aisome, kwa kuwa sijui uko wapi. Huenda anayeisoma sasa amekaa karibu nawe, akakugusa kiwiko: "Weye, Bukuru, si wewe huyu?" Basi mwambie ndiyo, halafu endelea kusoma.

Unaukumbuka ule ubao wa resto? Tulipofika Uvira kusoma, ukumbi wa chakula wa chuo ulikuwa umeshafungwa kwa sababu ya vita. Mlango ulikuwa na kufuli, buibui wamejenga madirishani, lakini ubao ulibaki pale ukutani nje, na chaki ya siku ya mwisho hakuna aliyeifuta: wali, nyama, ndizi moja. Kila asubuhi ulisimama mbele yake umefunga mikono nyuma kama mkaguzi.

"Leo iko nini?" nakuuliza.

"Wali na nyama."

"Tena? Si jana ilikuwa wali na nyama!"

"Minye nimechoka na hii nyama," unasema. "Twende tukakunywe chai ya bure." Na chai yenyewe ilikuwa maji ya moto yaliyopitishwa karibu na majani.

Ndivyo tulivyokula elimu, Yaya. Waliokuwa na uwezo walikwenda kibandani kwa Mama Riziki, pale getini, wakala maharagwe na bugari, yaani ugali, wakiwa wamekaa kwenye benchi kama mawaziri. Sisi wengine tulipika kwenye korido la bweni, kila chumba na mbabula yake mlangoni, jiko la makaa tunayoyaita makala, moshi mpaka madaftari yanakohoa. Mimi mtoto wa milima ya Lemera sikuwahi kupika hata chai. Kwetu mama alinifukuza jikoni kama kuku. Mara ya kwanza uliponipa mwiko nilitoa kitu ambacho wewe ulikizunguka mara mbili, ukakigusa kwa kidole, ukasema, "Hii tusiikule. Hii tuijengee."

Tangu hapo nikawa mshika sufuria. Watu wasiopika hawajui kwamba bugari ya muhogo ya watu wengi haisongwi na mtu mmoja. Mmoja anasonga kwa nguvu zote, mwingine anachuchumaa ng'ambo ya moto, ameshika sufuria kwa vitambaa viwili ili isizunguke wala kupinduka. Kazi yangu ilikuwa kushika na kulia moshi. "Weye, shika muzuri! Mikono iko natetemeka, unaogopa unga?" Nami nakujibu kwamba mikono yangu ni ya hesabu, haikuumbwa kwa vita. Korido zima linacheka.

Unga ulitoka kwa mama yako, kijijini Kiringye. Kila Ijumaa baada ya somo la mwisho unapanda baiskeli, unashika barabara ya uwanda, na Jumamosi jua likianza kulegea unarudi na mfuko umefungwa nyuma kwa kamba ya mpira, wewe mwenyewe mweupe unga mpaka kope. Na kila Ijumaa, kabla hujakanyaga pedali, unatoa amri ile ile:

"Kesho muweke mayi ku moto. Minye iko nakuya."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu. Maji yatangulie unga. Asije mtu amepiga baiskeli siku nzima halafu akae kungoja maji yachemke. Wenzetu wa vyumba vingine walitucheka: "Munachemsha mayi ya nini na unga haiko?" Lakini hukuwahi kufika ukakuta maji baridi, na maji hayakuwahi kuchemka bure.

Isipokuwa Jumamosi ile.

Ijumaa barabara ilikuwa nzuri. Hata askari wa kizuizi walikuwa wanacheza karata, alisema mtu aliyetoka huko. Jumamosi mchana tukasikia mizinga upande wa uwanda, mbali, kama mtu anayehamisha makabati. Nikawasha mbabula. Nikaweka maji. Watu wakaanza kupita barabarani, magodoro kichwani, mbuzi, watoto wamefungwa pamoja kwa kitenge wasipotee. Maji yakachemka, yakapungua, nikaongeza. Yakapungua tena; nikaongeza. Mama Riziki akapita na mabenchi yake mawili kichwani, akanikuta nimechuchumaa na vitambaa mikononi. "We mwana, kimbia! Unapika nini?"

"Mayi, mama."

Aliniangalia, akaona baiskeli yako haiko ukutani. Alinigusa bega, akaendelea na safari. Mimi nilikaa hadi makala yakawa majivu.

Barabara ilipofunguka nilikwenda Kiringye kwa miguu. Nyumba yenu mlango umefungwa, uwanja umefagiliwa na upepo. Jirani wa kwanza alisema aliwaona wewe na mama yako mkivuka mto Ruzizi kwenda Burundi. Wa pili akasema hapana, ulipanda milima kuelekea kwetu Lemera, umembeba mama mgongoni. Wa tatu alisema ulitoka peke yako na baiskeli na mfuko wa unga, kuja Uvira, kwa sababu kuna watu wamekuwekea maji. Huyo wa tatu ndiye anayenisumbua mpaka leo. Hakuna aliyeniambia umekufa, basi hakuna siku niliyokaa chini kukulilia. Na hakuna aliyeniambia unaishi. Nimekaa katikati, Yaya, miaka yote, nimeshika sufuria isiyo na kitu.

Utacheka: mimi ni mwalimu sasa, chuo kile kile. Nafundisha hesabu, na wanafunzi wanasinzia kama tulivyosinzia sisi. Nilioa. Mke wangu anapika vizuri na alinipiga marufuku jikoni tangu wiki ya harusi, kwa hiyo huko sikupandishwa cheo. Na mwaka huu, kabla mambo hayajaharibika tena, waliniweka kwenye komite ya kujenga resto mpya. Wamepanga makubwa: mwanafunzi achukue abonema, alipe mwezi mzima kwa mkupuo, asubuhi chai na mkate, mchana achague kati ya samaki na maharagwe, atoe tiketi, akae mezani. Saa nane tiketi isiyotumika inakufa.

Nikainua mkono. "Na aliyechelewa barabarani?"

Kijana mwenzangu wa komite akatabasamu. "Mwalimu, resto haiwezi kumngoja mutu."

Nikashusha mkono. Baadaye niliomba kitu kimoja tu, kwamba nyuma ya ukumbi paachwe banda wazi la mbabula kwa wanaotaka kujipikia. Wakakubali, nadhani kwa kunihurumia. Kuta zilifika madirishani, banda likaezekwa, vita ikarudi.

Sasa mke wangu na watoto wamekimbilia Bujumbura, ng'ambo ya mpaka. Mimi nilibaki. Niliwaambia nalinda nyumba, lakini ukiniona na fimbo yangu utajua hata kuku hawaniogopi. Mke wangu anapiga simu kila jioni.

"Baba Neema, umekula?"

"Nimekula."

"Bugari?"

"Mkate na chai."

"Tena mkate! Mtu mzima anakula mkate peke yake gizani kama mlozi. Kuja huku."

Kupika siwezi, unajua. Lakini si hilo tu. Bugari ya mtu mmoja sijawahi kujifunza kiasi chake. Nilijaribu mara moja: mkono mmoja mwiko, mkono mwingine sufuria, nikaishia kumwaga na kujiunguza goti. Nilikaa sakafuni nikatafuta mtu wa kucheka naye.

Sababu ya kubaki kwangu haijui mtu, nakuambia wewe. Simu yangu huna. Nyumba yangu huijui. Mahali pekee unapojua pa kunipata ni hapa chuoni, Jumamosi, jua likilegea. Nikiondoka, ukija, utamkuta nani?

Lakini mtoto wangu mdogo naye juzi alichukua simu akaniuliza kama nimemsahau sura. Basi nimekata shauri. Jumatatu navuka.

Jana, Jumamosi, nilibeba sufuria hadi lile banda. Ukumbi wa resto umejaa watu waliokimbia, wametandika mikeka ndani ya kuta zisizo na paa. Nikawasha mbabula, nikaweka maji, nikachuchumaa. Yakachemka. Nikaongeza.

Mama mmoja alikuwa ananiangalia. Alitoka Luvungi, aliniambia baadaye, na watoto wake na mfuko mmoja. Hana sufuria, ilibaki.

"Papa, hayo mayi ni ya nini?"

"Ni ya mtu anayekuja na unga."

Akatazama barabara, akanitazama mimi, akaingia ndani. Akatoka na mfuko wake. "Minye iko na unga," akasema.

Nilitazama geti, Yaya. Nilitazama muda mrefu kuliko ilivyo adabu, na yeye alisubiri, hakumwaga hata konzi moja mpaka niliposogea na kumpisha upande wa mwiko. Nikatoa vitambaa vyangu mfukoni. Akaanza kusonga, mama mwenye mikono kama yako, na bado hatujafika mbali:

"Papa, shika muzuri! Iko natetemeka!"

"Mikono yangu ni ya hesabu, mama," nikasema, na watoto wake wakacheka, na mimi nikalia, nikasingizia moshi.

Tulikula wote kwenye sahani moja, na sombe ya jirani, yale majani ya muhogo. Ilikuwa tamu, na nilikuwa mpweke kuliko siku zote za mkate.

Sufuria nimemwachia. Nimemweleza kila kitu: mtu mrefu, sasa atakuwa na mvi au upara, huenda na baiskeli, huenda bila. Jumamosi, jua likilegea, maji yatangulie unga. Aliuliza tu, "Na akikuya, nani atashika sufuria?"

Nikamwambia anitumie habari Bujumbura. Nitakuja hata kwa kuogelea, na kuogelea pia sijui.

Mayi iko ku moto, Yaya. Usiogope kuchelewa.

Mdogo wako,
mshika sufuria